Somo la likelemba: mtoto akae na nani, na pesa ya chakula tuidai mlango gani?

Jumapili iliyopita likelemba yetu ya Katuba, yaani kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, ilichelewa kufunga kwa sababu ya swali moja. Mama mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba bwana asiyemaliza mahari hana haki juu ya watoto. Nusu ya wamama wakasema ndiyo, nusu wakasema hapana, na chai ikapoa mezani. Ndipo mkaniomba niandike ninayoyajua, kila mtu asome kwa utulivu.

Mimi si avoka (wakili). Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisindikiza watu wa kanisa letu kwenye tribinali (mahakama), hapa Lubumbashi, Kongo. Ninakaa nao kwenye benchi na kuwasomea karatasi za Kifaransa. Wengi wanarudishwa mlangoni kwa sababu ya karatasi, hata kabla jaji hajasikia neno lao. Kwa hiyo tunaanzia hapo.

Hatua ya 1: Karatasi ya mtoto

Kabla ya kuuliza mtoto akae na nani, uliza kwanza: kwa maandishi, huyu mtoto ni wa nani? Kadi ya chanjo na kadi ya materinite (hospitali ya uzazi) si akte, yaani cheti, ya kuzaliwa. Zitunze, zinasaidia kama ushahidi, lakini akte inatoka etasivili, ofisi ya uandikishaji ya komini (serikali ya mtaa). Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilirekebishwa mwaka 2016, na sasa wazazi wana siku 90 za kuandikisha mtoto tangu azaliwe, bila kulipa. Siku hizo zikipita, komini haiwezi tena kuandika peke yake. Unapita kwanza tribinali ya watoto, unapata hukumu inayoitwa supletifi, halafu etasivili inaandika akte kwa kufuata hukumu hiyo. Ni safari, lakini inawezekana hata kwa mtoto wa miaka kumi.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anahitaji jambo la ziada: baba kumtambua mbele ya etasivili. Sheria inataka ifanyike ndani ya miezi 12 baada ya kuzaliwa. Kuna kifungu ambacho mimi nimekishika kwa moyo, cha 591: kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe wa ndani ya ndoa au wa nje. Nimewahi kukisoma kwa sauti katika mkutano wa familia, na papa mmoja aliyekuwa akipiga kelele akaomba maji ya kunywa.

Hatua ya 2: Ndoa yenu ni ya aina gani?

Ndoa ya familia, yenye mahari na mashahidi wa pande zote mbili, ni ndoa kwa sheria ya Kongo. Kati ya bibi na bwana inahesabiwa tangu siku ile ya familia. Mbele ya watu wengine inahesabiwa tangu ilipoandikishwa komini. Ndoa ya kanisa peke yake serikali haiihesabu, hata kama kwaya iliimba mpaka jioni. Na ile ya kuhamia tu, yaka tofanda, si ndoa: hapo hamna talaka, na mwanamke hawezi kudai chakula chake mwenyewe kama bibi. Lakini mtoto wa yaka tofanda akishatambuliwa na baba yake ana haki sawasawa na watoto wa ndoa. Wengi wanachanganya mambo haya mawili. Wanakata tamaa ya mtoto kwa sababu wao wenyewe hawakuolewa.

Hatua ya 3: Familia kwanza, lakini muandike

Jaji karibu kila mara atauliza: familia zilisema nini? Kaeni, pande zote mbili, na mmoja aandike: tarehe, waliokuwepo, mlichokubaliana, mlichoshindwa, sahihi. Karatasi hiyo ya mkutano ina uzito baadaye. Kama kuna kupigwa ndani ya nyumba, hatua hii iruke. Nenda hospitali upate karatasi ya daktari, nenda polisi, lala mahali salama. Kikao cha familia kitangoja.

Hatua ya 4: Mlango upi?

Hapa ndipo dada yangu mdogo alipoteza miezi saba. Alikuwa anatafuta bwana amtambue mtoto, akapeleka ombi kwenye tribinali ya amani. Kila alipofika aliambiwa arudi wiki ijayo, na hakuna aliyemwambia kwamba yuko mlango usio wake.

Talaka, ugomvi wa mume na mke, pesa ya nyumba, na nani akae na watoto wakati wa talaka: hayo ni ya tribinali ya amani, ile tunaita Tripaix. Kama jambo ni utambulisho wa mtoto mwenyewe, yaani baba yake ni nani, akte yake, kumchukua mtoto wa kulea kisheria, basi ni tribinali ya watoto, iliyoletwa na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009. Kwa sheria hiyo, mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18.

Hatua ya 5: Ombi

Ombi la talaka linaweza kuandikwa au kusemwa kwa mdomo, na karani anaandika unayosema. Usiogope kwa sababu Kifaransa chako ni kidogo. Sema majina, tarehe ya ndoa, watoto na umri wao, mnakaa wapi, kilichotokea, unachoomba. Unachoomba kiseme wazi. Mama mmoja niliyemsindikiza alieleza mateso yake kwa saa nzima, na mwishoni karani akamuuliza: "Sasa mama, unataka tribinali ifanye nini?" Akanyamaza. Hakuwa amefikiria.

Kuna pesa ya kuweka kwa karani ili kesi iandikwe. Dai risiti, kila mara. Anayekuambia risiti itakuja kesho, ngoja naye hiyo kesho ndipo umlipe. Kama huna kitu, uliza baro (chama) ya maavoka kuhusu ofisi ya ushauri wa bure, na komini kuhusu karatasi ya kuthibitisha kwamba huna uwezo.

Hatua ya 6: Mbele ya jaji

Katika talaka jaji anaanza kwa kujaribu kuwapatanisha. Nendeni nyinyi wenyewe, msitume mjomba. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: huhitaji kungoja hukumu ya mwisho. Unaweza kuomba hatua za muda, watoto wakae wapi sasa hivi na chakula chao kitoke wapi wakati kesi inaendelea. Usipoomba, hakuna atakayekukumbusha.

Kuhusu nani akae na mtoto, jaji anatafuta faida ya mtoto mwenyewe. Nani anampeleka shule? Nani anajua dawa anazokunywa? Atalala na nani nyumbani? Mtoto mwenye akili ya kuelewa ana haki ya kusikilizwa. Msimfundishe maneno nyumbani, majaji wanagundua haraka sana.

Kuhusu pesa, hakuna bei iliyopangwa. Jaji anapima mahitaji ya anayedai na uwezo wa anayetakiwa kutoa. Kwa hiyo leta hesabu: kodi ya nyumba, unga, dawa, minerval (ada ya shule). Tahadhari moja: shule za msingi za serikali ni bure tangu Septemba 2019, kwa hiyo ukidai minerval ya mtoto wa huko utaulizwa maswali. Dai sare, madaftari, viatu. Upande wa bwana, lete unachoweza: fishi (karatasi) ya mshahara, jina la kampuni, ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money unaoonyesha alichokuwa akituma. Kama bwana ni mfanyakazi wa mshahara na hatoi chochote kwa nyumba yake, bibi anaweza kuomba tribinali imruhusu achukue sehemu ya mshahara moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa wanaochimba Kolwezi bila fishi ni kazi ngumu zaidi, lakini mashahidi wanaoijua biashara yake wanasaidia.

Hatua ya 7: Hukumu

Chukua nakala. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa tangu alipopelekewa hukumu, na rufaa ya Tripaix inakwenda tribinali kubwa. Hukumu haijitekelezi yenyewe, wisye, ofisa wa tribinali, ndiye anayeipeleka.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Katuba: Narudia swali langu. Bwana alitoa nusu ya mahari. Kaka yangu anasema watoto ni wetu mpaka amalize.*

Mama, kaka yako anasema kama mila inavyosema, na hapa Katanga mila zenyewe hazikubaliani. Kwa Wabemba na Walamba ukoo unafuata mama, na mjomba ana sauti kubwa. Kwa Waluba wengi unafuata baba. Sheria inataka mahari itolewe yote, au hata sehemu tu, kabla ya ndoa. Kwa hiyo nusu ilitosha kuwafanya nyinyi bibi na bwana, na iliyobaki ni deni kati ya familia. Watoto hawawekwi rehani juu ya deni hilo. Kaka yako anaweza kudai mbuzi wake. Akimzuia bwana asiwaone watoto kwa sababu hiyo, mbele ya jaji atakuwa anakuharibia wewe.

*Papa, Kampemba: Natoa pesa kila mwezi, lakini mama ya watoto hanipi nafasi ya kuwaona. Nikiacha kutuma si ataelewa?*

Ataelewa, na jaji ataelewa zaidi, lakini si kwa upande wako. Pesa ni ya watoto, haki ya kuwaona ni jambo lingine, na haufungi moja ili kufungua lingine. Mzazi asiyekaa na watoto anabaki na haki ya kuwatembelea na kufuatilia malezi yao. Endelea kutuma kwa simu, usitoe mkononi, ili ujumbe ubaki. Halafu omba Tripaix ipange siku: Jumamosi, likizo, saa ngapi unawachukua, saa ngapi unawarudisha. Na papa, unisamehe nikisema hivi: kama ulikuwa unafika saa nne ya usiku ukiwa umekunywa bia za Simba mbili tatu, anza kwa kubadilisha hiyo saa.

*Dada, Ruashi: Nina mimba ya miezi sita. Kijana amekubali kwa meseji, lakini familia yake inamwambia akatae.*

Dada yangu, usifute hizo meseji. Mwombe mtu mzima unayemwamini azisome na ajue zipo, na uzitunze mahali pengine pia, simu zinaibiwa. Mtoto akizaliwa, mwandikishe ndani ya siku zile 90 hata kama kijana hajitokezi. Akija mwenyewe etasivili kumtambua, vizuri. Asipokuja, tribinali ya watoto ndiyo inayopokea ombi la kutafuta baba, na hapo meseji zako, watu waliowaona pamoja, na mtu aliyemtuma kwenu kuomba radhi vinahesabiwa. Usingoje mtoto aanze kutembea. Ikitokea baba hajulikani kabisa, sheria inaruhusu tribinali kumpa mtoto baba wa kisheria, kwa kawaida mtu wa upande wa mama.

*Mjane, komini ya Kenya hapa Lubumbashi: Shemeji anataka nihame nyumba tuliyojenga na marehemu. Watoto wangu ni wanne.*

Pole sana, mama. Usihame. Kwanza, mkiwa hamkuchagua mpango mwingine wa mali wakati wa ndoa, mlichokipata pamoja ni chenu wote wawili, kwa hiyo sehemu yako inatoka kabla ya kugawa urithi. Kinachobaki ndicho urithi wa marehemu: robo tatu ni za watoto wake, sawa kwa sawa, na pamoja nao mtoto wa nje ikiwa alimtambua akiwa hai. Robo moja ni ya kundi la pili, nalo ni wewe, wazazi wake, na ndugu zake. Shemeji yako yumo humo, kwenye hiyo robo. Lakini nyumba mliyokuwa mkiishi na vyombo vyake, wewe una haki ya kuendelea kuvitumia. Hakikisha ndoa yenu imeandikishwa na akte za watoto wote wanne zipo, maana hapo ndipo mashemeji wanapopita. Weka nakala kwa dada yako, si kwenye kabati la nyumba hiyo.

*Bibi, Kamalondo: Nalea wajukuu wawili. Baba yuko Kolwezi, mama alivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa hajarudi. Pasta mmoja amesema mkubwa ana ulozi.*

Mama mkubwa, nijibu la mwisho kwanza. Sheria ya 2009 inamlinda mtoto anayesingiziwa ulozi, na anayemsingizia anaweza kufungwa. Usimpeleke kwa maombi ya kufungiwa ndani bila chakula. Pasta akiendelea, mwambie hivyo mbele ya watu. Kuhusu karatasi, mpigie baba wa watoto aandike barua kwamba wanakaa nawe, aithibitishe komini ya huko, aitume na dereva wa basi unayemjua. Barua hiyo itakusaidia shuleni na hospitalini. Mama yao akikaa kimya zaidi, njoo Alhamisi baada ya soko tuongee kuhusu tribinali ya watoto, na uje na kadi zao za chanjo zote mbili.