Kuanzisha kikao cha muziki wa Kiayalandi Chicago

Chicago ndiko Francis O'Neill, mkuu wa polisi mzaliwa wa Ayalandi, alikokusanya nyimbo za wahamiaji wenzake kwa maelfu. Kikao cha kila wiki, yaani wapigaji kukutana baa na kupiga pamoja, huendeleza kazi hiyo kuliko gwaride la Mtakatifu Patrick la mwezi Machi, ambalo huja mara moja kwa mwaka.

Tafuta baa yenye siku iliyopooza, tuseme Jumanne, na umwombe mwenye baa azime televisheni. Panga viti 8 visivyo na mikono, kwa duara. Mikono ya viti hugonga viwiko vya wapiga fidla. Vipaza sauti havihitajiki.

Wapate kwanza wapigaji 2 au 3 wazoefu wa kushikilia mwendo. Wimbo wa kawaida una sehemu mbili, kila moja hurudiwa. Pigeni wimbo mzima mara 3, kisha ingieni unaofuata bila kusimama. Anzeni na nyimbo za ufunguo (sauti ya msingi ya wimbo) wa D na G, maana filimbi ya bati ya D, ala rahisi kwa mwanagenzi, huzipiga zote mbili.

Kinachoua vikao vingi ni kasi. Wazoefu wakikimbia, wanagenzi hunyamaza, na wiki ya tatu hawaonekani. Tengeni saa ya kwanza iwe ya polepole. Gitaa liwe moja, kwani mawili huchagua kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazogongana. Ngoma ya bodhrán vilevile, hata mpigaji wa pili akinuna. Ngozi yake ikikaza kwa joto la hita, ipakwe maji kidogo kwa ndani.