Kuhamia Toleo Jipya la Programu ya Mikopo bila Kuharibu Salio la Mteja

Mfanyabiashara anayekopa ili atoe kontena lake bandarini Kilindini hauhesabu mkopo wake kwa miezi. Huuhesabu kwa siku, na mara nyingi huzijua siku hizo kuliko anayemkopesha. Mteja wa namna hiyo alitujia miaka michache iliyopita, nilipokuwa mhasibu wa kampuni ndogo ya kukopesha hapa Mombasa, wiki moja baada ya sisi kuhamia toleo jipya la programu yetu. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoipigia hesabu kwa kalamu. Alikopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, akazirejesha baada ya siku 31. Kwa hesabu yake riba ilikuwa shilingi 7,643.84, ilhali risiti yetu ilisema 7,750. Toleo la zamani liliugawanya mwaka kwa siku 365, toleo jipya lilikuja limewekewa 360, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameufungua ukurasa huo wa mipangilio. Shilingi 106 hazingemfilisi mtu, lakini kosa lilikuwa limeingia katika kila mkopo uliohesabiwa kwa siku, na tulitumia wiki tatu kulirekebisha.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na hesabu, na mitambo itafuata baadaye. Unamhusu mkopeshaji binafsi mwenye wateja hamsini kama unavyoihusu kampuni yenye matawi Nyali na Changamwe, kwa kuwa programu zao hutofautiana kwa bei na ukubwa, lakini kazi ni ile ile: kutoza, kupokea marejesho, na kumweleza mteja anadaiwa kiasi gani leo.

Andika kanuni zako kabla ya kumwita fundi

Chukua mikataba uliyotia saini na wateja, si programu ya zamani, kwa sababu huenda programu hiyo nayo ilikuwa ikikosea kimyakimya. Kutoka kwenye mikataba andika, kwa lugha ambayo karani mgeni angeielewa, jinsi riba inavyotozwa, idadi ya siku za mwaka, lini faini huanza na kama ina kikomo, na senti zinavyosawazishwa. Andika pia utaratibu wa kugawa malipo: mteja aliyechelewa akileta shilingi 10,000, zinakatwa faini kwanza, kisha riba, kisha mkopo wenyewe, au faini ndiyo ya mwisho? Swali hilo pekee huweza kumpa mteja mmoja masalio mawili tofauti baada ya miezi sita.

Njia ya kutoza riba ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mkopo wa shilingi 120,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi, kwa miezi 12, ukitozwa riba juu ya kiasi chote tangu mwanzo hadi mwisho, huzaa riba ya shilingi 28,800. Ukitozwa juu ya salio linalopungua, rejesho la kila mwezi huwa takriban shilingi 11,347 na riba yote haifiki 16,200. Katika programu nyingi njia hizi mbili hutenganishwa na kisanduku kimoja cha kuchagua, na anayehamisha mikopo kwa mkupuo huweza kukikosea kisanduku hicho kwa mikopo mia nne kwa pamoja.

Mjini kwetu kuna jambo jingine ambalo muuzaji wa programu kutoka ng'ambo huenda asilitaje. Wateja wengi hawataki kugusa riba, na wakopeshaji wanaowahudumia huuza kwa murabaha: mkopeshaji hununua bidhaa, kisha humuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana, naye hulipa kidogo kidogo. Bei hiyo ikishakubaliwa haipandi tena, hata mteja akichelewa. Na panapokuwa na tozo ya kuchelewa, kwa kawaida huelekezwa kwenye sadaka badala ya mapato ya mkopeshaji. Programu iliyojengwa juu ya riba huweza kuichukua faida hiyo kuwa riba na kuikuza kila siku. Jaribio lake ni rahisi: fungua mauzo ya uongo kwenye programu ya majaribio, yacheleweshe siku 60, kisha utazame deni. Likiwa limeongezeka hata kwa shilingi moja, usikubali kuendelea mpaka lirekebishwe.

Kalenda pia ichunguzwe. Sikukuu za Idd hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo tarehe zake haziwezi kuingizwa kwa uhakika mwaka mzima kabla. Ulizia kama mtu wako mwenyewe ataweza kuongeza siku ya mapumziko jioni ya kuamkia sikukuu, na kama rejesho lililoangukia siku hiyo litasogezwa bila faini.

Safisha majina, nambari na tarehe

Hatua hii inachosha, na hakuna njia ya mkato. Mteja mmoja anaweza kuwa Mohamed kwenye mkopo wa kwanza, Muhammad kwenye wa pili na Mohammed kwenye dhamana aliyomwekea shemeji yake. Programu mpya itawahesabu kuwa watu watatu. Watambue kwa nambari ya kitambulisho, lakini usimuunganishe mtu yeyote kabla afisa wa mikopo hajalifungua jalada lake. Nambari za simu ziwekwe katika umbo moja, kwa kuwa faili la majedwali hupenda kuila sifuri ya mwanzo. Tarehe kama 03/04/2023 iandikwe upya kwa jina la mwezi, maana programu iliyotengenezwa Marekani itaisoma kuwa tarehe 4 Machi.

Jaribu kwenye nakala

Toa nakala kamili ya hifadhidata, kisha uirejeshe kwenye kompyuta nyingine na ufungue mikopo michache. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu kuwa nakala. Kabla ya kuiwasha programu ya majaribio, zima huduma ya kutuma arafa. Usipofanya hivyo, usiku huo wateja wako halisi watapokea ujumbe wa kudaiwa madeni waliyokwisha kulipa, na asubuhi utawakuta mlangoni. Kumbuka vilevile kwamba nakala hiyo imebeba taarifa za watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, fundi anayeishughulikia kwa niaba yako anapaswa kuwa na mkataba wa maandishi, na taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data hutakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua.

Teua mikopo thelathini hivi, na usichague ile myepesi: chukua iliyopangwa upya, iliyolipwa mapema, iliyochelewa kisha ikafufuka, yenye wadhamini wawili. Piga hesabu zake kwa mkono, ukitumia zile kanuni ulizoandika. Kisha endesha matoleo yote mawili sambamba kwa mwezi mzima na ulinganishe mkopo kwa mkopo: kiasi cha msingi, riba iliyokusanyika, faini, siku za kuchelewa na tarehe ya rejesho lijalo. Jumla kuu peke yake hudanganya, kwa sababu aliyezidishiwa elfu mbili na aliyepunguziwa elfu mbili hufutana, na jumla huonekana safi.

Siku ya kuhama

Epuka mwisho wa mwezi na siku tano za mwanzo, kwa maana ndipo mishahara inapoingia na marejesho yanapomiminika. Jumamosi jioni ya katikati ya mwezi inafaa. Programu itazimwa, lakini M-Pesa haizimwi: mtu aliyeko kwenye feri ya Likoni atalipa kupitia nambari yako ya Paybill saa mbili usiku, apate ujumbe wa kuthibitisha, na programu yako isiwe na habari. Kwa hiyo andika saa na dakika uliyoizima. Ukiiwasha tena, pakua taarifa ya Paybill kuanzia saa moja kabla ya dakika hiyo, kisha uingize malipo yote yaliyomo. Usiogope kuingiza lolote mara mbili, almradi umeiagiza programu iukatae msimbo wa muamala uliokwisha kupokelewa. Kila muamala una msimbo wake wa herufi na tarakimu 10. Usilinganishe malipo kwa simu ya mlipaji, kwani mume hulipa kwa simu ya mke na mwajiri hulipa kwa yake. Aliyekosea nambari ya akaunti aingie kwenye akaunti ya malipo yasiyotambuliwa, na mtu mmoja apewe kazi ya kuimaliza kila siku kabla ya saa kumi.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua mlango, kagua ruhusa za watumiaji, kwa sababu toleo jipya huweza kuzirudisha zilivyotoka kiwandani, na anayeidhinisha mkopo akajikuta anaweza pia kuutoa. Ikiwa unapeleka taarifa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo, zuia faili la kwanza mpaka umezilinganisha siku za kuchelewa za kila mteja. Kanuni za mwaka 2020 zinakataza kupeleka taarifa hasi za mkopo ulio chini ya shilingi 1,000. Hakikisha kichujio hicho kimehamia pia.

Programu ya zamani isifutwe. Ifungwe isiandikike, ila isomeke. Sheria za kodi hutaka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na madai ya mkataba huweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6, basi shika hiyo 6. Lakini usiitegemee kompyuta ile kuukuu iliyo pembeni ya ofisi, kwa kuwa hewa ya chumvi ya mjini petu huila mitambo kabla ya miaka hiyo kutimia. Toa taarifa ya mwisho ya kila mkopo kama ilivyokuwa dakika uliyozima, ichapishe, na uitie ndani ya jalada la mteja.