Somo: Fedha za Perkins katika chuo cha jamii, kuanzia tathmini hadi hoja za ukaguzi

Ndugu zangu, nimepokea maswali mengi kutoka kwa wenzetu walioajiriwa katika vyuo vya jamii hapa Marekani, hasa waliotoka kwenye uhasibu au ualimu huko nyumbani na sasa wamekabidhiwa faili la Perkins, yaani ruzuku ya serikali kuu kwa elimu ya ufundi, bila maelezo ya kutosha. Faili hilo nimelishika miaka tisa. Nitaeleza kazi inavyokwenda, hatua kwa hatua, kisha nitajibu maswali yenu.

Carl D. Perkins alikuwa mbunge wa Kentucky. Alifariki mwaka 1984, na sheria ya elimu ya ufundi iliyopitishwa mwaka huo ikapewa jina lake. Tunayoitumia leo ni ya tano katika mfuatano huo: ilisainiwa 31 Julai 2018 na kuanza kazi 1 Julai 2019. Kila mwaka majimbo hugawiwa takriban dola bilioni 1.4 kupitia sheria hii.

HATUA YA 1: Jua fedha imefikaje chuoni

Serikali kuu hulipa jimbo. Jimbo laweza kubakiza asilimia 5 kwa utawala na hadi asilimia 10 kwa shughuli za uongozi wa elimu ya ufundi. Asilimia 85 iliyobaki hushuka kwa shule za sekondari na vyuo, na jimbo ndilo linaloamua sekondari zipate ngapi na vyuo vipate ngapi. Fungu la vyuo likishajulikana, hugawanywa kwa kuhesabu vichwa: ni wanafunzi wangapi wa fani za ufundi chuoni kwako wanaopokea ruzuku ya Pell, au msaada wa serikali kuu kwa wenyeji asilia wa Marekani, ukilinganisha na jimbo zima. Tuseme fungu ni dola milioni 10, jimbo zima lina wanafunzi 20,000 wa aina hiyo, na chuo chako kina 800. Hiyo ni asilimia 4, yaani dola 400,000. Chuo ambacho hesabu yake haifiki dola 50,000 kwa kawaida hulazimika kuungana na vyuo vingine na kuomba kwa pamoja.

Naomba usipite hapo haraka. Pell ni ruzuku ya wanafunzi wenye kipato cha chini. Maana yake fedha hii haikuja kwa sababu chuo ni kizuri au mkuu wa chuo anajua kuongea. Imekuja juu ya kichwa cha mwanafunzi asiye na uwezo. Na yule mama wa Kikongo anayesomea usaidizi wa uuguzi, ambaye hajajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa sababu maswali yake yamemshinda, katika hesabu hii hayupo. Ndiyo maana mimi, mtu wa hesabu, kila Januari naenda kuketi na watu wa ofisi ya misaada ya wanafunzi tuone nani bado hajajaza. Si kazi yangu rasmi, lakini pasipo fomu hizo hata bajeti yangu inapungua.

HATUA YA 2: Tathmini ya mahitaji

Kila baada ya miaka miwili chuo kinatakiwa kufanya tathmini ya kina ya mahitaji ya eneo lake: wanafunzi wa kila kundi wanafauluje, fani zina ukubwa, upana na ubora wa kutosha, soko la ajira linataka nini, walimu wako vipi, na nani anaachwa nje. Sheria inataka uwahusishe waajiri, walimu, wanafunzi, bodi za ajira za eneo na wawakilishi wa makundi maalumu. Weka mahudhurio na kumbukumbu za kila kikao.

Hapa ndipo vyuo vingi hukosea tangu mwanzo. Wanaandika orodha ya vitu wanavyotaka kununua, halafu wanatafuta hitaji la kuvihalalisha. Geuza. Kwa mfano, waajiri watatu wamewaambia kwamba vijana wenu wa uchomeleaji wanajua kuunga bamba la chuma lililolala mezani, lakini wakipewa bomba lililoinama wanashindwa mtihani wa kiwandani. Hilo ni hitaji. Baadaye ukiomba mashine na mabomba ya mazoezi, ombi lina mahali pa kusimama.

Mimi kila ombi la ununuzi linapofika mezani naandika kwa penseli, kona ya juu kulia, namba ya ukurasa wa tathmini linakotoka. Lisipopata namba, narudisha. Walimu walinuna mwaka wa kwanza. Siku hizi wanakuja na namba wameshaiandika wenyewe.

HATUA YA 3: Maombi na bajeti

Maombi kwa jimbo ni ya miaka minne, ila bajeti hupelekwa kila mwaka. Waliofanya kazi halmashauri huko nyumbani mtaelewa haraka: kila shughuli na kasma yake, yaani fungu lake la bajeti, na kuhamisha fedha kati ya kasma kunahitaji kibali. Gharama za utawala za chuo zisizidi asilimia 5. Katika mfano wetu wa dola 400,000, hiyo ni dola 20,000, basi.

Mtego mkubwa wa hatua hii ni kufidia. Fedha ya Perkins huongezea kile ambacho chuo kinafanya; haichukui nafasi yake. Mwalimu wa umeme wa magari aliyelipwa na bajeti ya chuo mwaka jana, ukimhamishia Perkins mwaka huu ili chuo kipumue, mkaguzi atachukulia kwamba umefidia, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wako. Wakubwa huleta wazo hili kila bajeti inapobana. Jibu kwa upole na kwa maandishi.

HATUA YA 4: Ununuzi na mali

Kila gharama ipitishe kwenye maswali matatu: je, ni ya lazima kwa lengo la ruzuku? Je, bei yake ni ya kiasi ambacho mtu makini angelipa? Je, faida yake inaifikia fani ya ufundi iliyotajwa, na kwa kiwango gani? Fulana, kalamu na vikombe vyenye nembo ya chuo havipiti. Pombe na burudani havipiti. Chakula cha vikao nakikataa mapema ili nisiingie kwenye mabishano.

Kwa ruzuku zilizotolewa tangu 1 Oktoba 2024, kanuni za serikali kuu zinahesabu kifaa kuwa ni mali ya kudumu kikigharimu dola 10,000 au zaidi na kikidumu zaidi ya mwaka. Zamani kiwango kilikuwa 5,000, na baadhi ya majimbo na vyuo bado vinatumia kiwango cha chini zaidi. Fuata kilicho kikali. Rejista ionyeshe maelezo ya kifaa, namba yake ya kiwandani, ruzuku iliyokinunua, mmiliki, tarehe, bei, asilimia iliyolipwa na serikali kuu, kilipo na hali yake. Angalau mara moja kila miaka miwili uende ukakihesabu kwa macho.

Nasema kwa macho. Mwaka fulani nilikuwa nakagua maabara ya uuguzi na rejista mkononi. Mwanasesere wa kufundishia, yule anayepumua na kutoa mapigo ya moyo, alikuwa kitandani sawasawa, shuka limemfika kifuani. Nikatafuta stika yenye namba yake ya rejista, haipo. Tukamgeuza na mwalimu, tukaikuta imebanduka na kuganda kwenye godoro, namba imefutika nusu kwa dawa ya kusafishia. Tangu siku hiyo tunapiga picha ya namba ya kiwandani siku kifaa kinapofunguliwa, na stika tunaibandika mahali ambapo kitambaa chenye dawa hakipiti.

HATUA YA 5: Watu na muda wao

Mtumishi anayelipwa sehemu na Perkins na sehemu na mfuko mwingine lazima awe na kumbukumbu zinazoonyesha kazi aliyofanya kweli. Asilimia mlizokadiria kwenye bajeti mwezi Julai hazitoshi peke yake. Linganisha, kisha rekebisha mshahara uendane na ukweli.

HATUA YA 6: Takwimu

Vyuo vinapimwa kwa vigezo vitatu. 1P1 huangalia waliomaliza wako wapi katika robo ya pili baada ya kumaliza: kazini, masomoni, jeshini au katika huduma za kujitolea. 2P1 ni waliopata cheti kinachotambulika wakiwa masomoni au ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. 3P1 ni walio katika fani ambazo jinsia yao ni chini ya asilimia 25 ya wanaofanya kazi hiyo, kama wanawake kwenye uchomeleaji. Anayehesabiwa ni mwanafunzi aliyepata angalau krediti 12 katika fani hiyo, au aliyeimaliza kama ni fupi kuliko hapo. Fanya urafiki na mtu wa takwimu wa chuo.

HATUA YA 7: Kufunga mwaka

Mwaka wa fedha wa ruzuku hii ni 1 Julai hadi 30 Juni, sawa kabisa na wa Tanzania na Kenya, na tabia yake mnaijua: fedha ambayo chuo hakijaitumia mwaka ukiisha hurudi jimboni igawiwe upya. Hakuna kubaki na bakaa.

Kwa hiyo Mei na Juni watu hukimbizana kununua, na mimi pia nilianguka hapo. Mwaka wangu wa pili niliwalipia walimu wawili mkutano wa kitaaluma mwezi Mei: ada, tiketi za ndege, hoteli. Mkutano wenyewe ulikuwa katikati ya Julai. Niliamini kwamba kwa kuwa risiti ni ya Mei, gharama ni ya mwaka huo. Sivyo. Kwa kifaa, gharama huhesabika siku mnapofunga mkataba wa maandishi wa kukinunua. Kwa kazi ya mtumishi, huhesabika kazi inapofanyika. Kwa safari, huhesabika safari inapofanyika. Jimbo lilikataa nauli na malazi, chuo kikalipa kutoka mfuko wake, na nilipewa barua. Bandika mistari hiyo mitatu ukutani.

Sasa nafanya mapitio makubwa Februari. Kasma ambayo matumizi yake hayajafika nusu, namwita mwalimu husika tukubaliane: inatumika, au tunaomba kibali ihamie penye hitaji jingine la tathmini.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada mhasibu, Texas: Tuna wanafunzi wakimbizi wanaosomea usaidizi wa uuguzi. Wengine wanaacha kwa kukosa nauli na mtu wa kuwaangalilia watoto. Je, Perkins inaweza kusaidia?

Ndiyo, dada yangu, na wengi hawajui. Sheria inaruhusu kupunguza gharama zinazotoka mfukoni mwa wanafunzi wa makundi maalumu: ada ndogondogo, usafiri, malezi ya watoto. Makundi hayo ni pamoja na wenye kipato cha chini, wazazi wanaolea peke yao, wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu na wasio na makazi. Msaada uwe umeandikwa kwenye maombi yenu, utokane na tathmini, na mwanafunzi awe ndani ya fani ya ufundi. Weka fomu fupi ya kuonyesha yuko kundi gani. Soma pia mwongozo wa jimbo lako kuhusu jinsi ya kulipa. Mimi napendelea kadi ya basi na malipo ya moja kwa moja kwa kituo cha watoto.

Kaka wa ofisi ya ununuzi, Ohio: Mkuu wetu wa idara anataka maabara ya kompyuta kwa Perkins, lakini wanafunzi wa historia na hesabu nao wataitumia. Inakubalika?

Kwa kiwango cha faida tu. Kama ratiba inaonyesha fani za ufundi zinatumia asilimia 60 ya saa, Perkins isibebe zaidi ya hapo, na ratiba hiyo uihifadhi. Mwambie mkuu wako atafute sehemu iliyobaki kabla oda haijatoka.

Mwalimu wa uchomeleaji, Kentucky: Shikamoo. Tuna mashine ya mwaka 2016, imechoka. Tunaweza kuiuza?

Marahaba, mwalimu. Kwanza jiulizeni kama kuna programu nyingine ya fedha za serikali kuu hapo chuoni inayoihitaji. Kama haipo, kifaa cha zamani namna hiyo kikiwa na thamani ya soko isiyozidi dola 5,000 chaweza kuuzwa au kubaki nanyi bila deni kwa serikali kuu. Tafuta makadirio ya bei kwa maandishi, pata idhini ya jimbo kama utaratibu wao unaitaka, kisha andika kwenye rejista tarehe na namna ilivyoondoka. Isipotee kimyakimya.

Dada mratibu, Minnesota: Tumekosa kigezo cha 3P1 mwaka huu. Fedha zitakatwa?

Si mara moja. Kama hamkufikia angalau asilimia 90 ya kiwango mlichokubaliana na jimbo, mtaandaa mpango wa kuboresha na kuutekeleza mwaka unaofuata. Usiandike "tutahamasisha". Nenda darasani. Chuo kimoja nilichotembelea wanawake walikuwa wanajiandikisha uchomeleaji na kuacha wiki ya tatu. Glovu na makoti ya kazi yote yalikuwa saizi kubwa za wanaume. Saizi ndogo ndiyo ilikuwa mstari wa kwanza wa mpango wao.

Kijana aliyeajiriwa mwezi huu, Arizona: Mzee, nianzie wapi wiki ya kwanza?

Mwanangu, omba vitu vinne: tathmini ya karibuni, maombi yaliyoidhinishwa, barua ya ruzuku ya mwaka huu, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi. Soma ripoti ya ukaguzi kwanza. Hoja zilizomo ndizo utakazoulizwa tena. Kisha chukua rejista ya mali, shuka karakana, utafute vifaa vitano vya kwanza kwenye orodha. Nyaraka usitupe chochote: kwa kawaida hutunzwa miaka mitatu tangu ripoti ya mwisho ya fedha ipelekwe, na kama kuna hoja haijafungwa, zinabaki hadi ifungwe. Ukikwama na kifaa cha tatu, niandikie.