Namna ya kuhamia kisiwa cha wavuvi wa dagaa: ulizia mwezi kwanza

Mtu anayehamia kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, awe mwalimu mpya, muuguzi au mnunuzi wa dagaa kutoka Mwanza, kwa kawaida huanza kuulizia nauli na bei ya chumba. Ningemshauri aulizie kwanza mwezi umefikia wapi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola au betri, kwa kuwa mwanga juu ya maji yenye giza huwavuta wakakusanyika karibu na mtumbwi. Mbalamwezi ikishatanda ziwa zima, taa hizo hazifui dafu. Kwa hiyo maisha ya mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, yana misimu miwili ndani ya kila mwezi, giza na mbalamwezi, na karibu kila jambo utakalotaka kulifanya lina wakati wake.

Ukitaka kununua, fika wakati wa giza. Ukitaka kufahamiana na watu, fika wakati wa mbalamwezi, ambapo mitumbwi imepandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa vivulini, na kila mtu ana nafasi ya kuzungumza ingawa mfukoni hana kitu. Mimi safari yangu ya kwanza nilishuka mwaloni siku tatu kabla ya mwezi mpevu nikiwa na fedha za magunia kumi, nikapewa pole, kigoda na kikombe cha chai ya rangi.

Siku ya kwanza jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, kisha kwa viongozi wa kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ambacho kila mtu hukiita BMU. Usilipuuze hilo: mgeni asiyejulikana mwaloni hudhaniwa kuwa mtu wa doria aliyekuja kukagua nyavu, au mwizi wa injini, na dhana zote mbili huchukua muda kufutika.

Alfajiri mitumbwi inaporudi, simama pembeni. Akina mama wenye mabeseni huingia majini hadi magotini, na mara nyingi bei imekwisha kukubaliwa kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Salamu inayofaa ni “Poleni na kazi,” na kwa mzee shikamoo hutangulia. Usimuulize mvuvi mbele ya watu amepata kiasi gani, kwani mgawo kati yake na tajiri mwenye mtumbwi bado haujapigiwa hesabu, na gharama ya mafuta haijatolewa. Anayesaidia kuvuta mtumbwi huweza kupewa mboga, yaani samaki wa kutosha sufuria moja, na ni heshima kuipokea. Lakini kuomba mboga huku umeshika gunia tupu ni kujidhalilisha.

Kwenye kununua dagaa wakavu ndipo wageni wengi huliwa. Dagaa walioanikwa kwenye chanja na dagaa walioanikwa mchangani wanaweza kuonekana sawa ndani ya gunia, basi chota kutoka katikati, siyo juu, wasugue kidogo kwa viganja viwili kisha uwamwage: kinachobaki kiganjani ni mchanga ambao ungeulipia kwa kilo. Mpinde mmoja. Aliyekauka vizuri huvunjika, na ngozi yake bado inang'aa kama fedha. Anayejikunja bila kuvunjika ana maji ndani na ataota ukungu kabla hujafika soko la Kirumba, Mwanza. Walionyeshewa mvua hugeuka rangi ya manjano au kahawia, na hao huuzwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Hakuna ubaya kuwanunua, mradi ulipe bei ya kuku.

Fedha nazo hufuata mwezi. Duka la kisiwani huendeshwa kwa daftari: wakati wa mbalamwezi watu hukopa unga, sukari na sabuni, na giza likirudi hulipa. Kwa hiyo ukimkopesha jirani, usimwambie “mwisho wa mwezi,” mwambie “giza lijalo,” naye atakuelewa. Mwalimu na muuguzi, ambao mshahara wao haujali mwezi wa angani, watagongewa mlango zaidi wakati wa mbalamwezi, na ni vema waamue mapema watatoa kiasi gani.

Kuhusu afya, jihadhari na kichocho. Usioge wala kufua ukiwa umesimama kwenye maji ya ufukweni. Chota maji, yachemshe, au yaache kwenye chombo safi kisicho na konokono kwa siku mbili kabla ya kuoga, na dawa ya kichocho ikigawiwa, imeze. Safarini vaa jaketi okozi hata kama abiria wenzako wanacheka, na chombo kikijaa kupita kiasi, shuka. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikikaribia kisiwa cha Ukara kikiwa kimezidisha abiria, na zaidi ya watu 200 walifariki, wakati ufuo ulikuwa unaonekana.

Jambo la mwisho ni usingizi. Wakati wa giza, saa 6 mchana ndiyo usiku wa manane wa kambi ya wavuvi, na vijana waliokesha ziwani wamelala nyuma ya kuta za mabati zisizozuia sauti yoyote. Punguza redio, na kama una shughuli na mmoja wao, mfuate saa 10 jioni anapokagua taa zake.