Namna ya Kupima Kiu ya Msaipresi wa Chunguni

Msaipresi, ambao ni mti wa jamii ya misonobari, haunyauki upesi kama mchicha, kwa kuwa majani yake ni magumu, na ndiyo maana wengi hapa Dar es Salaam huuona bado wa kijani wakati umeshapunguza sana kujitengenezea chakula. Kwa mizani ya kidijitali ya jikoni unaweza kuitambua hali hiyo mapema, kabla majani hayajageuka rangi.

Majani hayo yamefunikwa nta na yana vitundu vidogo sana viitwavyo stomata. Hewa ya kabonidayoksaidi, inayohitajika katika usanisinuru (mti kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua), huingia kwa vitundu hivyo, na mvuke wa maji hutoka kwa vitundu hivyo hivyo. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi huishia hewani. Udongo unapokauka, mti huvifunga vitundu ili kuzuia mapovu ya hewa yasikatize maji katika mishipa ya shina. Huokoa maji, lakini hulipa kwa njaa. Kwa hiyo anayepima maji yanayopotea hupata pia dalili ya usanisinuru unavyokwenda.

Kwanza hakikisha mti wako ni wa jamii hiyo. Mvinje wa ufukweni haumo, ingawa wengi huuchanganya na msonobari: ukivuta kijiti chake chembamba cha kijani, kitakatika kwenye pingili, na hapo utaona duara la vijimeno vidogo ambavyo ndivyo majani yake halisi.

Chagua misaipresi miwili inayolingana kimo na wingi wa majani, iliyo katika vyungu vya plastiki, kwa kuwa chungu cha udongo hupitisha maji ubavuni. Chungu pamoja na mti visizidi uzito ambao mizani yako inaweza kupima. Mwagilia vyote hadi maji yatoke chini, viache vichuruzike usiku kucha, kisha asubuhi funika uso wa udongo kwa plastiki na uifunge kuzunguka shina, ukiacha tundu la chini wazi ili mizizi ipate hewa. Viweke mahali pamoja, penye jua na pasipofikiwa na mvua. Miezi ya Januari na Februari, joto linapokuwa kali na kaskazi ikivuma, hufaa zaidi.

Pima saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, na uandike kila kipimo. Kila gramu iliyopungua ni takriban mililita moja ya maji yaliyotoka majanini. Jioni, rudishia chungu cha kwanza maji kiasi kile kile kilichopotea, kisha ukipime tena ili upate uzito wa kuanzia usiku. Cha pili usikiongeze chochote.

Sehemu inayostahili uangalifu mkubwa ni tofauti kati ya upotevu wa asubuhi (saa 12 hadi saa 6) na wa mchana (saa 6 hadi saa 12 jioni). Katika mti unaokaukiwa, upotevu wa mchana huanza kupungua ilhali ule wa asubuhi bado unakaribiana na wa mti mwenzake; maana yake ni kwamba unafungua vitundu wakati hewa ingali na unyevu, na kuvifunga jua linapopanda. Baadaye hata asubuhi hupungua. Siku ambayo upotevu wake wa mchana kutwa unakaribia ule wa usiku, vitundu vimefungwa karibu vyote, na kinachoendelea kutoka hupenya zaidi kwenye nta yenyewe, njia ambayo mti hauna uwezo wa kuifunga. Jaribio likome hapo na mti unyweshwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kuuchelewesha ni kuuumiza bure.

Unapounywesha, mimina polepole hadi maji yatoke chini, subiri, kisha rudia, kwani udongo uliokauka sana huyaachia maji yapite pembeni. Usiweke mbolea wala usipogoe mpaka upotevu wa mchana urejee. Msaipresi hauchipui kwenye tawi kuukuu lisilo na majani, hivyo ncha iliyokauka ikatwe tu pale palipokufa kweli. Uhamishe pia mbali na ukuta mweupe au uzio wa mabati, ambao huurudishia joto majanini hata baada ya kumwagiliwa.