Blanketi la viraka la kumpa mtu, tunavyoshona sisi hapa Katwe

Kila nikipita Kiyembe, mtaa wa vitambaa na mafundi hapa Kampala, na gunia langu mafundi wananiuliza, mama hivi vipande vidogo hivi unapeleka wapi, na nikiwaambia tunashona mablanketi ya kugawa wanasema basi tuelekeze na sisi. Nimeelekeza kwa mdomo mara nyingi, sasa wacha niandike yote mahali pamoja. Sisi ni akina mama kumi na mmoja, wengine Waganda wengine Wakongomani, tunakutana Jumamosi kwenye baraza ya mwenzetu hapa Katwe, tuna cherehani tatu, mbili za kukanyaga na moja ya umeme, na zile za kukanyaga ndo tunazitegemea maana umeme ukikatika kazi haisimami.

Kabla hujashika mkasi nisikilize hapa. Blanketi la msaada liwe lile ungemfunika mwanao wa kumzaa. Watu wakisikia msaada wanaona chochote kinafaa, hata kilichooza. Sasa fikiria mtu aliyekimbia usiku na watoto, amevuka mpaka wa Kongo pale Bunagana kwa miguu akafika Kisoro, na Kisoro pale chini ya mlima Muhabura usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Huyo ukimpa kitu kibovu hawezi kukwambia hakifai, atapokea kwa mikono miwili aseme asante. Kwa hiyo wewe ndo wa kusema hakifai, na useme mapema, kikiwa bado kwako.

Vipande kuvipata si shida. Fundi yeyote ana gunia chini ya meza, jioni anachoma au anatupa. Nenda na gunia lako mwenyewe usimsumbue kutafuta mfuko, msalimie vizuri, usiende saa ambayo wateja wamejaa. Mwezi wa kumi na mbili ndo vinono, watu wanashona za Krismasi na za kwanjula, yani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao binti, alafu kuanzia Januari mpaka shule zinafunguliwa mwanzo wa Februari kuna mabaki ya yunifomu, kitambaa kigumu cha rangi moja, hicho usikidharau maana kitenge kikiwa kingi kinahitaji rangi tulivu ya kupumzikia macho. Mashuka na mashati ya mivumba, yani mitumba, tunaletewa na wanaouza soko la Owino, yale yenye doa au yaliyochanika sehemu moja.

Kuchambua ndo kunakula muda, na usikubali kuharakishwa. Pamba upande mmoja, polista upande mwingine. Kama hujui ni ipi, kata kauzi kadogo uchome na kiberiti mbali na lile gunia: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, polista inayeyuka na kujikunja inakuwa kashanga kagumu keusi. Vile vitambaa vya gomesi, lile gauni refu la akina mama wa Kiganda, vinavyong'aa vinapendeza kweli, lakini vingi vinateleza kwenye cherehani na vikikaribia sigiri, jiko la mkaa, vinayeyuka kwenye ngozi, na familia nyingi zinalala na kupika chumba kimoja, kwa hiyo sisi hatutumii kabisa. Za kuvutika kama fulana, pembeni. Zilizofifia mpaka ukizishika kwa vidole viwili na kuvuta zinatoa sauti ya kuchanika, pembeni pia, hata kama ua lake ni zuri namna gani.

Na kuna siku tuliletewa vipande vya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, vizuri vya rangi ya udongo, msichana mmoja akataka kuviweka katikati ya blanketi. Bibi mmoja Mganda akamshika mkono akamwambia taratibu, mwanangu, hiyo tunafungia maiti. Lubugo ni heshima kubwa Buganda, hata UNESCO waliuingiza ufundi wake kwenye orodha yao mwaka 2008, lakini huwezi kumfunika nalo mtoto mgonjwa wa mtu ambaye hujui anatoka wapi, na tena haliwezi kufuliwa na kusuguliwa kama pamba. Tukaliweka kando.

Sasa kufua. Fua kila kitu kabla ya kukata, hata kipya, hasa kipya. Blanketi letu la kwanza nilishona bila kufua, kulikuwa na kitenge chekundu karibu na shuka jeupe, nikampa mama mmoja jirani aliyekuwa amejifungua. Baada ya wiki mbili nikaliona limeanikwa kwenye kamba, weupe wote umegeuka wa waridi wenye mabaka, na yeye maskini akanificha macho kana kwamba kosa ni lake. Nililia siku ile. Tangu hapo kila chekundu na kila cha bluu nzito kinalowekwa peke yake, alafu nakiweka kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe na kukikandamiza, kikiacha alama nafua tena. Chumvi ambayo watu wanasema inashika rangi mimi haijanisaidia, kinachosaidia ni kusuuza mpaka maji yatoke safi, na kama baada ya mara tano bado yanatoka rangi basi hicho achana nacho.

Zikikauka piga pasi. Kama ni ya mkaa futa tumbo lake kila unapoongeza moto.

Sasa ile kazi yenyewe. Namna ambayo nafundisha kila anayeanza ni ya kanda juu ya msingi, kwa sababu inakula vipande vyembamba ambavyo hakuna mtu mwingine anavitaka na haihitaji uwe fundi. Msingi unatoka kwenye shuka kuukuu, kata miraba ya inchi 11 kwa 11, tumia katoni ngumu kama pateni ili yote ilingane, na hapa usikadirie kwa macho maana mraba mmoja ukipinda blanketi zima linapinda. Kanda zako ziwe na upana wa kuanzia inchi moja na nusu mpaka tatu, hazihitaji kufanana, chini ya hapo mshono unaimeza yote.

Chora mstari wa chaki kwenye msingi kutoka kona mpaka kona. Ukanda wa kwanza uulaze juu ya ule mstari, uso wake ukutazame. Ukanda wa pili uweke juu ya wa kwanza, uso kwa uso, kingo za upande mmoja zilingane, shona robo inchi kutoka ukingoni ukipitisha kwenye msingi pia, alafu ufungue ule wa pili ulale chini na uupige ukucha wa dole gumba pale kwenye mshono mpaka ukae bapa. Ukisikia umetuna kama kuna unyasi ndani, fumua, hauwezi kujirekebisha wenyewe baadaye. Unaendelea hivyo hivyo mpaka kona imefunikwa, unageukia upande wa pili, ukimaliza geuza mraba kifudifudi ukate ziada zote kufuata msingi. Mishono iwe ya karibu, kama 10 kwa kila inchi, sindano namba 14 inatosha, ila kukiwa na jinzi weka 16.

Kitu kimoja kinachofanya watu waulize umejifunzia wapi: ukanda ule wa kwanza, wa katikati, uwe wa rangi moja kwenye miraba yote. Sisi tunaweka mweusi au ile bluu ya yunifomu. Ukija kuunganisha miraba minne zile kanda zinakutana na kutengeneza almasi, na fujo yote ya vile vitenge ghafla inaonekana imepangwa.

Miraba ikitosha tandika mkeka uipange chini kabla ya kushona, alafu rudi nyuma mpaka mlangoni ukodoe macho kidogo. Unachotafuta ni giza na mwanga, yani pasiwe na upande mmoja mzito wote na mwingine umepauka. Usihangaike maua yafanane. Kule Alabama Marekani kuna akina mama wa Gee's Bend ambao walishona mablanketi kwa nguo za shamba zilizochakaa, kwa sababu ya baridi tu na kukosa, kila mmoja na mpango wake kichwani, na mwaka 2002 yakaning'inizwa kwenye makumbusho ya Whitney kule New York watu wakija kuyatazama kama picha. Mimi huwa nawakumbuka hao nikiona mtu anaona aibu na kipande chake.

Kuunganisha miraba acha nusu inchi ya mshono, kwa hiyo kila mmoja unabaki inchi 10. Blanketi la mtoto ni miraba 4 kwa 5, linatoka inchi 40 kwa 50. La mtu mzima ni 6 kwa 8, yani miraba 48, inchi 60 kwa 80, hilo tunalishona wengi pamoja. Mishono ya mstari wa kwanza ipige pasi ilale kulia, ya mstari wa pili ilale kushoto, hivyo zikikutana zinakaa vizuri hazifanyi kivimbe.

Ndani tunaweka blanketi jembamba la mivumba, au kikoyi kile cha kuvalia ndani ya gomesi ambacho kimezeeka, hicho kinafaa sana, ni kizito na kimelainika kwa kufuliwa. Usiweke sponji, inanyonya maji na msimu wa mvua haikauki inaanza kunuka. Pamba ya kujaza mito pia hapana, ukifua mara mbili inajikusanya pembe moja. Mgongo, yani upande wa chini, unatoka kwenye shuka au lesu mlizounganisha, na uzidi ule uso, yani ile miraba mliyounganisha, inchi mbili kila upande.

Fagia sakafu vizuri. Tandaza mgongo uso chini, uvute usawa na uweke mawe kwenye kona, juu yake lile la ndani, juu kabisa uso. Shika kwa pini ukianzia katikati kwenda nje, alafu piga bandi, yani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kwa uzi mrefu kila inchi nne. Ukianzia pembeni utasukuma makunyanzi yote katikati na hayatoki. Kisha shona kwenye mashine ukifuata ile mishono ya kuunganisha miraba, ukipita tabaka zote tatu. Cherehani ikikataa unene huo, chukua sindano ya mkono na uzi mnene, funga vifundo viwili viwili kila inchi tano, ni imara tu.

Pindo halihitaji kitambaa kingine. Zile inchi mbili za mgongo zikunje mara mbili kuja mbele, kona zikunje kama bahasha kwanza, shona ukingoni na urudie mshono wa pili. Pindo ndo mtoto anashika na kuvuta, usilionee huruma uzi.

Pini zetu ni 40, zinakaa kwenye kibati. Hakuna blanketi linatoka barazani kabla pini hazijahesabiwa zikafika 40, na mtu mwenye mikono ya polepole analipapasa lote pande mbili. Vifungo na shanga hatuweki kabisa, mtoto anaweka mdomoni.

Kuhusu kupeleka, uliza kwanza. Mambo ya wakimbizi Uganda yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo hufiki tu getini kwenye kambi kama Nyakabande au Nakivale na gunia begani, unaomba ruhusa na unauliza wanahitaji nini kwa sasa. Hospitali pia, ongea na nesi mkuu wa wodi. Na ukimpa mama mwenye kichanga mwambie hili ni la kumbebea na kumfunikia mgongoni, si la kumlundikia usoni akiwa amelala peke yake.

Siku ya kupeleka lifue mara ya mwisho, likauke juani kabisa, ulikunje uso ukiwa nje ili rangi ndo zionekane kwanza. Mfuko wa plastiki usitumie. Tunafungia ukanda uliobaki, upana inchi tatu na urefu wa yadi moja, tumeushona kingo zote, kwa sababu huo nao hautupwi, wengine wanaufunga kichwani siku hiyo hiyo.