Jinsi ya kujipanga na majirani kabla mto haujafurika

Mvua ndefu huanza Machi kwa hivyo msingoje Aprili, sisi wa kando ya mto Mathare hapa Nairobi tuliona 2024 vile maji huingia usiku watu wamelala fofofo. Iteni kikao cha wapangaji wa ploti, keateka (msimamizi wa ploti) na mzee wa nyumba kumi wawepo, halafu mtembee mtoni na wakongwe wa hapo wawaonyeshe maji yalifika wapi, pigeni alama ya rangi ukutani. Andikeni nani ana mgonjwa ama mtoto mchanga, na nani atamtoa. Nunueni filimbi, grupu ya WhatsApp haisaidii stima ikipotea. Mitaro mzibue Februari, na ile taka msiiache hapo kando jamani, mvua ya kwanza inairudisha ndani.